Choo Kipo, Nani Anakitumia?

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaozunguka mitaani na vijijini wakiwa na vishikwambi mkononi, wakibisha hodi na kuuliza watu maswali ambayo hata ndugu hawaulizani. Nami ni mmoja wao. Nimefanya kazi ya udadisi katika tafiti za kaya kwa miaka mingi, na ile ya mwanzo niliifanya bila kuona. Sitafuti huruma kwa kusema hivyo. Najua wapo walioko pale nilipokuwa, na mimi sikutoka pale kwa akili zangu.

Niliingia kazi hii kwa sababu nilimaliza chuo na ajira hakuna. Tulipewa mafunzo, tukafundishwa dodoso ukurasa kwa ukurasa. Kwanza unaandika majina ya watu wote wa kaya, umri wao na uhusiano wao na mkuu wa kaya. Baadaye unauliza maji yanatoka wapi, sakafu ni ya nini, paa ni la nini. Katikati ya hayo liko swali la choo: kwa kawaida watu wa kaya hii hutumia choo cha aina gani? Majibu yamepangwa tayari. Kuna cha kuvuta maji, cha shimo chenye sakafu inayosafishika, cha shimo kisicho na sakafu, mpaka unafika kwa wasio na choo, wanaokwenda porini. Kisha unauliza kama kaya inachangia choo hicho na kaya nyingine, na kama inachangia, ni kaya ngapi.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nyumbani kwetu habari za choo hazizungumzwi mbele ya mgeni, sembuse mgeni kumuuliza mwenye nyumba. Kwa hiyo nilikuwa nikifika hapo nauliza haraka, macho kwenye kishikwambi, na jibu lolote nikilipata naondoka nalo. Nyumba ya bati yenye rangi niliipa choo kizuri moyoni kabla mtu hajafungua kinywa. Nyumba ya nyasi niliinyima. Hata sehemu ya kunawia mikono, ambayo maelekezo yanataka mdadisi aione kwa macho, aangalie kama pana maji na sabuni, mara nyingi niliuliza tu nikapita. Sharti la kuangalia limewekwa kwa sababu ukimuuliza mtu kama ananawa atasema ananawa, na mimi ningesema hivyohivyo. Niliona ni kupoteza muda. Kulikuwa na kaya nyingine zinanisubiri, jua kali, na posho ilikuwa ileile.

Dar es Salaam ndiko nilikoanza kukwama. Wenyeji wa Manzese, Tandale na Vingunguti wanazijua nyumba za kupanga: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, bomba na choo. Kila chumba kina familia yake na sufuria yake, kwa hiyo kwa hesabu za utafiti kila chumba ni kaya. Nilikuwa nikimuuliza mpangaji, "Choo mnachangia na wengine?" Ananijibu, "Hapana, ni chetu humu ndani." Alimaanisha haji mtu wa nyumba ya jirani. Nami naweka alama kwamba hakichangiwi, ilhali vyumba sita vinapanga foleni uani kila alfajiri na ndoo zao mkononi.

Nilidhani ni jambo dogo, lakini si dogo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana mpango wa pamoja, ulioanza mwaka 1990, wa kukusanya takwimu za vyoo za nchi zote kutoka kwenye tafiti na sensa na kuzipima kwa kipimo kimoja. Choo kinachomkinga mtu asiguse kinyesi, kama cha shimo chenye sakafu imara, kikitumiwa na kaya moja tu huhesabiwa huduma ya msingi. Choo hichohicho kikichangiwa na kaya nyingine kinashuka ngazi, hata kama kinasafishwa kila siku. Na ili kipande ngazi ya juu kabisa, inatakiwa ijulikane kinyesi kinaishia wapi: kinafukiwa palepale salama, au kinachukuliwa na gari la maji taka na kwenda kusafishwa. Wengi wetu mjini hatujui kinakoishia. Wengine tunajua vizuri, maana mvua kubwa ikinyesha tumewaona watu wakitapisha vyoo ili maji ya mafuriko yaondoke na uchafu. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani, na hakikuisha upesi. Nilikuwa natembea katika mitaa hiyohiyo nikiandika kwamba choo hakichangiwi.

Msimamizi wetu aligundua. Ilikuwa kazi yake kurudia baadhi ya kaya baada yetu na kulinganisha majibu. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiyepaza sauti. Alikuta kaya zangu za nyumba moja, zote zina choo cha peke yao, na choo uani ni kimoja. Alikuwa na haki ya kunirudisha nyumbani, na wadadisi waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwepo. Badala yake alinishika mkono tukarudi pamoja. Aliomba radhi kwa wenye nyumba kana kwamba kosa ni lake, kisha akauliza, "Mama, hapa uani asubuhi unamkuta nani?" Wakamtajia watu wote mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho. Jioni aliniambia tu, "Mwanangu, uliza polepole." Mpaka leo sijui kwa nini alinibakiza. Namuombea.

Tangu hapo nikawa makini. Nilikwenda kuangalia vyoo, niligusa sakafu kwa mguu, nilihesabu milango ya vyumba. Nikadhani nimepona. Kumbe nilikuwa nimejifunza kuona choo, na mtu bado simwoni.

Mwaka mwingine tulipelekwa Kanda ya Ziwa. Katika kijiji kimoja nilifika kwa mzee aliyenipokea vizuri sana. Nilimwamkia, akanipa kiti chini ya mwembe, akajibu maswali yote kwa utaratibu. Choo? Kipo, na akasimama mwenyewe kunionyesha. Kilikuwa cha shimo, kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, tundu limefunikwa kwa mfuniko wa mbao wenye mpini. Kimefagiliwa. Nje kulikuwa na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kilichoning'inizwa kwenye mti na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba. Nilifurahi kwelikweli. Hachangii na kaya nyingine. Nikaandika nilichokiona, na kilikuwa kweli tupu.

Halafu nikaanza dodoso la wanawake. Hilo linawahusu wanawake wa miaka 15 hadi 49, na sharti lake ni mhojiwa kuwa peke yake na mdadisi. Mle ndani alikuwemo mmoja, mke wa kijana wa mzee, ana mtoto mchanga mgongoni. Tukakaa nyuma ya jiko. Tulifika kwenye swali linalouliza kuhusu mtoto wa mwisho: mara ya mwisho alipojisaidia, kinyesi kilitupwa wapi?

"Kule kwenye mihogo, dada."

Nilimkatalia kwa sauti ya kumkaripia. Nilisema, "Choo kizuri namna ile kipo, unatupaje kinyesi cha mtoto shambani?" Mdadisi hatakiwi kusema hivyo hata siku moja. Yeye hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akasema, "Kile ni cha baba mkwe."

Nilihitaji muda kuelewa. Kwa mila za pale, mkwe wa kike haingii choo anachoingia baba mkwe. Heshima inamzuia, na hakuna aliyemwambia asubuhi moja kwamba amekatazwa. Alikuja kuolewa akijua hivyo. Hela ya kuchimba kingine haijapatikana. Kwa hiyo anatoka kabla hakujapambazuka, au anasubiri giza liingie. Mihogo na mahindi yakiwa marefu ni afadhali. Baada ya mavuno hakuna pa kujificha. Akaniambia jambo moja ambalo sijalisahau: mchana hanywi maji. Anakunywa jioni, ili asibanwe wakati watu wanapita. Na alikuwa ananyonyesha.

Alikuwepo wakati namhoji mzee. Yeye ndiye aliyeniletea kile kiti. Nilipouliza kaya hii inatumia choo gani, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, jina lake liko kwenye orodha yangu, mstari wa nne, na sikugeuza hata shingo.

Tulipomaliza, aliondoka akarudi na sahani ya viazi vitamu na maji ya kunawa. Alinimiminia yeye mwenyewe. Nilikuwa nimemkaripia dakika chache zilizopita kwa jambo asilokuwa na uwezo nalo, na ananilisha. Nilikula viazi vile kwa shida, si kwa sababu havikuwa vitamu.

Jioni nilimpelekea msimamizi habari ile. Nilitaka kubadilisha jibu la kaya. Aliniambia jibu la mzee ni sahihi kwa swali lilivyoulizwa, na sina ruhusa ya kulibadilisha. Niandike kwenye nafasi ya maoni ya mdadisi mwishoni mwa dodoso. Niliandika. Maoni yale hayaingii kwenye majedwali ya ripoti. Wala sikuweza kurudi kwa mzee kumwambia, kwa kuwa nilikula kiapo cha kutunza siri, na alichoniambia yule dada alinipa mimi peke yangu. Huo ndio mzigo niliotoka nao pale. Mzee alinisindikiza mpaka njiani akaniuliza, "Choo changu umekiandika vizuri?" Nikamjibu, "Nimekiandika, baba."

Baada ya hapo nilianza kusoma, kwa mara ya kwanza nikitaka kujua majibu yangu yanakwenda wapi. Chukua utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022: zilichaguliwa kaya 16,354 katika maeneo 629, kaya 26 kila eneo. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120, wastani wa watu wanne na kidogo kwa kaya. Ukigawanya, kila kaya iliyochaguliwa inasimama kwa niaba ya kaya zaidi ya 800. Nikamfikiria yule dada mara 800. Kumbe hayupo peke yake: kaskazini mwa India, watafiti walioingia katika majimbo matano kati ya mwaka 2013 na 2014 hawakuishia kwa mkuu wa kaya. Waliuliza habari za kila mtu mmojammoja. Walikuta katika zaidi ya kaya 40 kwa kila 100 zenye choo kinachofanya kazi, yumo angalau mtu mmoja anayekwenda nje. Ukiuliza kaya kwa jumla, watu hao hawaonekani. Inasemwa kwamba mwaka 2022 watu milioni 419 duniani walikuwa wanajisaidia mahali pa wazi. Naiheshimu takwimu hiyo, maana najua jasho lililoitafuta. Ila siwezi tena kuisoma bila kuwaza walioachwa nje yake na wadadisi kama mimi, waliouliza swali lilelile na kupata jibu la kweli.

Sijawa mtu mwingine kabisa. Bado kuna siku nachoka, na ulimi unataka kukimbia. Kuna vijiji ambako sheria ndogo zinamtoza faini asiye na choo, na ukifika na kitambulisho shingoni mwenye nyumba anakuona kama bwana afya; anakwambia kipo, na unaona usoni kwamba anaogopa. Zamani ningeandika "kipo" nikaenda zangu. Siku hizi nakaa. Namweleza kwamba sikuja kutoza mtu, naomba maji ya kunywa, tunazungumza mazao, kisha narudi kwenye swali. Mara nyingine jibu linabadilika. Mara nyingine halibadiliki, nami naliandika kama lilivyo.

Nimepewa pia nafasi ya kufundisha wadadisi wapya, jambo ambalo mtu mwenye rekodi yangu hakulistahili. Nawasimulia ya Manzese na ya Kanda ya Ziwa, bila kutaja jina la mtu wala kijiji.

Kama wewe ndiye unayetunga dodoso, nakuomba uongeze swali moja baada ya aina ya choo: je, watu wote wa kaya hii hukitumia, na asiyekitumia ni nani? Kama wewe ni mdadisi, na swali hilo halimo, bado unayo nafasi ya maoni mwishoni. Iandike. Na kama kesho mdadisi atabisha hodi kwako, nawe ni mkuu wa kaya, usijibu la choo peke yako. Muite mkeo, muite mkweo, mkumbuke bibi asiyeweza kuchuchumaa, waulize wao kwanza, na utakachosikia ukifanyie kazi kabla mgeni hajaondoka na jibu.