Wanachama 212, nambari moja ya simu

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nikinakili nambari za simu kwa mkono kutoka kwenye daftari. Ni aibu, lakini acha niwasimulie, huenda nikamwokoa mtu.

Chama kimoja cha akina mama wakulima hapa Voi kiliniomba programu ya kuwatumia wanachama ujumbe mfupi. Mwanzoni nambari ziliingia bila sifuri ya mbele, kama 722 na tarakimu sita nyuma yake, zikakaa vizuri. Usiku mmoja nikaamua kuongeza 254 mbele ya kila moja. Amri moja tu, kisha nikalala. Nakala ya akiba? Sikuwa nayo.

Mkutano uliofuata uliahirishwa, na ujumbe haukumfikia hata mtu mmoja. Akina mama waliteremka kutoka Wundanyi na Mwatate, wakalipa nauli ya matatu, wakakuta mlango umefungwa. Mweka hazina alinipigia simu: "Mwanangu, hiyo mashine yako imetuaibisha." Kufungua hifadhidata, wanachama wote 212 wana nambari moja: 2147483647.

Waliosomea kompyuta wanaijua. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Nambari kamili kubwa kabisa inayoingia katika biti 32, biti moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. 722000000 inaingia bila shida. 254722000000 inaipita zaidi ya mara 118. Nami nilikuwa nimezima ukaguzi mkali, basi hifadhidata haikulalamika. Ilibana kila nambari kwenye kikomo chake.

Kwa hasira nikaanza kuichunguza, na jamani, ni nambari tamu! Ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Euler alithibitisha hivyo mwaka 1772, bila kompyuta. Alijua kwamba kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili ni kama 46341, zilibaki nambari chini ya 400 za kujaribu. Programu yangu ilimaliza kazi hiyo kabla sijainua kidole.

Kikomo hichohicho kinasubiri saa za kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970. Zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.

Kosa langu lilikuwa dogo kuliko hayo yote. Nambari ya simu haijumlishwi wala haizidishwi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na mahali pake ni kwenye safu ya maandishi, pamoja na sifuri yake ya mbele.

Wamebaki wanachama 9 ambao daftari lao lililowa maji. Jumamosi napanda Wundanyi kuwauliza mmoja mmoja. Nauli ni yangu.