Flapu Hazileti Kasi

Wadau, leo naongea juu ya glaida, ile ndege isiyo na injini. Najua yuko atakayesema: "Wewe chuo hukumaliza, mambo ya ndege umeyajulia wapi?" Niliacha mwaka wa pili, karo iliisha. Akili sikuiacha getini.

Ukikaa karibu na uwanja wa ndege wa Ukunda, utaona ndege ikija kutua inashusha vibao vya nyuma ya bawa. Hizo ndizo flapu. Zikishuka, bawa linapinda zaidi na ndege inabebeka hata ikienda polepole. Glaida nyingi za mashindano zina la ziada: flapu zinaweza pia kuinuka kidogo kupita usawa wa bawa.

Kwa nini ziinuke? Ukiongeza kasi mara mbili, bawa lilelile kwa pembe ileile linabeba mara nne. Uzito wako haujabadilika, kwa hivyo lile pindo sasa linakukwamisha tu. Rubani akizunguka ndani ya hewa ya moto inayopanda, tuseme kilomita 100 kwa saa, anashusha flapu. Akisafiri 120 hivi, anaziweka sawa. Akikimbia 160, anaziinua. Namba kamili ziko kwenye kitabu cha ndege yake, na akijaza maji kwenye mabawa ili kuongeza uzito, zote zinapanda.

Sasa sikizeni hapa: flapu hazileti kasi, zinaifuata. Rubani anainamisha pua kwanza, mwendo unakuja, ndipo anainua flapu. Ukiziinua ungali polepole, bawa linaishiwa nguvu na ndege inazama. Kurudi nyuma ni hivyo hivyo: mwendo upungue kwanza, ndipo zishuke, manake zikishushwa kwa kasi kubwa mno zinaweza kuvunjika.

Watu wa pwani hii si wageni wa jambo hili. Nahodha wa ngalawa, Gazi au Msambweni, hatweki tanga kubwa upepo wa kusi ukikaza. Pale Galu, wanaoteleza majini kwa kaiti huchukua ya mita 12 upepo ukiwa mdogo, na ya 8 ukichachamaa. Ukitoka na kubwa kwa sababu jirani yako alitoka nayo jana, upepo wa leo utakuburura hadi kwenye mwamba.

Nyumbani naambiwa kila siku nikimbie kama wenzangu wanaohitimu. Nawaheshimu, lakini mimi bado nazunguka nikitafuta kimo: narekodi video za wavuvi kwa simu, nalipwa kidogo, naweka akiba ya karo. Mwendo huu una mpangilio wake. Nikishapata kimo cha kutosha, nitainamisha pua, na mtaniona nikikimbia.