Nuru Isiyo Israfu Wala Hatari



Imo katika Hadithi sahihi za Mtume (S.A.W.) amri ya kuzima taa tulalapo, kwa kuwa panya aweza kuuburura utambi akaiteketeza nyumba na waliomo. Tambi hazimo tena katika nyumba zetu za hapa Uingereza, lakini hekima ya amri ile ingalipo: taa ni neema, na neema isiyoangaliwa hugeuka hatari. Dini hiyo hiyo imetukataza israfu. Basi aendaye dukani kununua globu ana mambo mawili ya kuyapima pamoja, ilhali wengi wetu hupima bei peke yake.

Tuanze na israfu. Globu ya zamani, ile yenye uzi unaowaka, hugeuza sehemu kama 9 katika 10 za umeme wake kuwa joto badala ya nuru. Ndiyo sababu globu hizo ziliondolewa madukani hatua kwa hatua kati ya mwaka 2009 na 2012, na nyingi za halojeni zikafuata mwaka 2021. Mahali pao pameshikwa na za LED. LED ya wati 9 hutoa nuru ilinganayo na ile ya globu ya zamani ya wati 60. Zikiwashwa saa 5 kila siku kwa mwaka mzima, ya zamani hula yuniti 110 hivi, na ya LED yuniti 16 tu.

Hata hivyo, kuokoa umeme si kukaa gizani. Nimeingia nyumba kadhaa za jamaa zetu nikakuta ngazi imetiwa globu hafifu kwa nia njema ya kubana matumizi. Shangazi yangu, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia umri wa miaka 84, alikuwa akiteremka ngazi za namna hiyo alfajiri kwenda kutia udhu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, ni akiba gani ya umeme itakayomfidia? Tulimtilia LED ya lumeni 800, na tangu siku ile ukuta haupapaswi tena.

Hapo pana somo la kwanza. Wati hupima umeme unaoliwa. Lumeni hupima nuru inayotoka. Tafuteni lumeni kwenye boksi: 470 hivi ni nuru ya globu ya zamani ya wati 40, 800 ni ya wati 60, na 1500 ni ya wati 100.

Somo la pili ni kuitazama taa yenyewe kabla ya kwenda dukani. Kitako cha pini mbili, kinachosukumwa na kuzungushwa kidogo, huandikwa B22. Cha skrubu kipana ni E27, na chembamba ni E14. Kwenye holda au ndani ya kifuniko cha taa aghalabu huandikwa kikomo cha wati, mathalani 40. Kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya joto, nacho huhesabiwa kwa wati halisi, si zile za kulinganisha zilizochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwa hiyo LED ya wati 9 yafaa hapo, ingawa boksi lasema ni sawa na wati 60; lakini halojeni ya wati 60 haifai, kwani yaweza kuunguza kifuniko na kuharibu ngozi ya waya.

Taa iliyofunikwa pande zote, kama bakuli la darini, huzuia joto ndani, na LED isiyotengenezwa kwa mahali pa namna hiyo hufa mapema. Vilevile swichi ya kuongeza na kupunguza mwanga yataka LED iliyoandikwa kuwa yaikubali, la sivyo itapepesa na kuvuma. Globu isiyo na jina la mtengenezaji, wala nembo ya CE au UKCA, wala volti zake, iacheni sokoni hata ikiwa rahisi. Na zawadi ya globu kutoka Marekani, ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, msiitie katika umeme wetu wa volti 230, wala msiipeleke nyumbani Afrika Mashariki.

Zimebaki majumbani globu za mirija iliyosokotwa. Ndani yake mna zebaki kidogo. Ikivunjika, watoeni watoto chumbani, fungueni madirisha kwa dakika 15 hivi, wala msitumie mashine ya kufyonza vumbi. Zoeni vipande kwa karatasi ngumu, mokoteni vumbi kwa selotepu, fungeni vyote katika mfuko, kisha mvipeleke kituo cha taka cha halmashauri.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda sokoni, zimeni umeme, acheni globu zipoe, mpite chumba hadi chumba na kalamu mkiandika kitako, kikomo na lumeni. Anzeni na ngazi wapitazo wazee.

Wabillahi tawfiq.