Pini Moja kwa Wote? Niko Ndani, Lakini…

Mwaka jana nilipanda matatu ya mwisho kutoka Nakuru kwenda Njoro. Simu ilikuwa na chaji asilimia 2, nauli yangu yote iko M-Pesa, na makanga ameshaanza kukusanya pesa kutoka viti vya nyuma. Jamaa niliyekaa naye alikuwa na pawabanki. Simu yake ni ya kampuni tofauti kabisa na yangu, lakini kebo yake iliingia bila shida. Nililipa, nikafika kwa shosho salama. Enzi zile za pini nyembamba na pini nene, wallahi ningeshushwa njiani.

Kebo hiyo ni USB-C. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa kule lazima ziwe na tundu hilo. Laptopu zikapewa hadi Aprili 2026. Hata Apple, iliyokuwa na pini yake tangu 2012, ilibadilisha mwaka 2023 na iPhone 15. Sisi Wakenya hatukuulizwa, lakini kampuni haiwezi kutengeneza simu moja ya Paris na nyingine ya Luthuli Avenue. Tumefaidika bure.

Sasa ngoja nikuonyeshe upande wa pili.

Wiki chache baadaye nilikuwa na kazi ya kuhariri video ya harusi ya mtu. Chaja ya laptopu nilikuwa nimeiacha mtaani. Nikajiambia, si pini ni zile zile? Nikachomeka chaja ya simu. Alama ya chaji ikaonekana, nikatulia. Kumbe chaji ilikuwa inashuka polepole tu. Saa nane usiku laptopu ikazima, kazi ikachelewa, na yule mteja hajawahi kunipigia tena.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba pini zikifanana, nguvu pia zinafanana. Kichwa cha chaja ya simu kinaweza kutoa wati 10 au 18, na laptopu inataka 65. Kebo nazo zina tofauti: ya kawaida hubeba hadi wati 60, na zenye chipu maalum hufika 240. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ile ya mia moja bob na ile ya elfu mbili ni kama mapacha.

Kuna wanaosema sheria kama hii inafunga ubunifu. Hawako mbali na ukweli. Mwaka 2009 kampuni nyingi zilikubaliana Ulaya kutumia micro-USB. Yalikuwa makubaliano ya hiari. Kama ingekuwa sheria isiyobadilika, labda leo bado tungekuwa tunageuza ile pini mara tatu gizani.

Na mathe? Simu yake bado ni ya micro-USB, inafanya kazi fiti. Siwezi kumwambia aitupe ndo tufanane.

Kwa hivyo mimi naunga mkono pini moja, asilimia mia. Lakini wauzaji waandike wati kwenye kebo yenyewe, kwa herufi zinazosomeka. Hadi hapo, kabla ulipe, uliza: hii inabeba wati ngapi? Akikuambia “hiyo ni original, usijali,” buda, jali.