Waliopona Walirudi

Sisi wa mwaka wa sita, wengi tuko tunasema tutasoma uganga hapa UNIKIS. Sababu gani? Nguo nyeupe? Tukumbuke Ebola ya Beni na Butembo, 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2.200. Kule, wengine waliopona walirudi kutumika palepale, maana ule ugonjwa haukuweza tena kuwashika kwa urahisi. Walibeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mugonjwa akisema «naogopa», wao walijua ni woga gani. Sisi pia, malaria imekwisha kutulaza kwenye internati. Tunajua nani alituletea maji. Mwenye kutaka kuwa munganga, aanzie pale.