Paka wa Mama Hakuwa Mchawi

Katika kanda yetu, kuanzia Kishapu na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu, paka akilia usiku watu hawaulizi anaumwa wapi. Wanauliza katumwa na nani. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Katoro, Msukuma wa Shinyanga, na ninaishi na mama yangu mzee. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka tangu usichana wake, na moshi wake mnaujua. Mnajua pia macho mekundu yamewafikisha wapi vikongwe wa mikoa hii, kwa kudhaniwa wachawi. Ndiyo maana paka wake dume alipoanza kulia usiku, akichuchumaa kila kona bila kutoa kitu, hofu yangu ya kwanza haikuwa ugonjwa. Niliogopa midomo.

Haikuchelewa. Jirani alipita asubuhi, akasalimia vizuri, kisha akauliza: "Mayu, huyo paka wako usiku anamwita nani?" Mama akacheka. Mimi sikucheka.

Ushauri ulikuwa mwingi. Huyu anasema apewe Panadol nusu, yule anasema apigwe ile sindano ya OTC, antibiotiki ya ng'ombe. Namshukuru Mungu kwamba afisa mifugo alifika kabla ya hao wote. Alimpapasa tumbo la chini, akakuta kibofu kimejaa, kigumu kama ndimu. Akasema, "Huyu kaziba. Hujawahi kuona maksai akiziba?" Nimewahi, na mfugaji gani wa Kisukuma hajawahi? Ng'ombe anakunja mgongo, anajikamua, anatoa tone, siku chache baadaye mnagawana nyama. Sikujua tu kwamba paka naye huziba.

Alinieleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Kibofu kikiwaka, ute na chembechembe za madini hushikana, vikawa kizibo. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hushindwa, potasiamu hupanda katika damu na moyo husimama. Siku mbili au tatu zinatosha kumwua. Panadol ingemwua mapema zaidi, kwani ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, hata kidonge kimoja ni sumu. Na sindano ya ng'ombe isingezibua kitu; paka wengi wa umri mdogo wenye tatizo hili hawana hata bakteria kwenye mkojo.

Tulimpeleka Mwanza siku hiyo hiyo, paka ndani ya kikapu cha kubebea kuku. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, tukavuka kwa kivuko. Leo mwenye mgonjwa wa namna hii ana nafuu. Tangu Juni 2025 unapita juu ya ziwa bila kusubiri. Daktari wa mifugo wa huko alimlaza kwa dawa, akampitishia mrija mwembamba, akamtundikia dripu. Bili yake ilikaribia bei ya mbuzi. Kwa paka! Kaka yangu anayechimba dhahabu Nyarugusu alinicheka hadi akakaa chini.

Lakini kilichobadilisha nyumba yetu si ule mrija. Ni swali ambalo daktari alimwuliza mama: huyu anakunywa maji wapi?

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kuku analala kitanda gani. Kwao Kishapu ndoo ya maji ilifuatwa mbali, na mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009 tu, mama akiwa tayari na wajukuu. Nani angemwekea paka maji? Paka wa kwetu alikula panya, na hapo ndipo penye siri yenyewe. Asili ya paka ni paka mwitu wa nchi kame, aliyezoea kupata maji ndani ya windo. Panya ana maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Paka wetu alikuwa ameacha kuwinda, maana panya wa ghalani tumewamaliza kwa mitego, akawa anaishi kwa ugali na dagaa wakavu. Dagaa mkavu karibu hana maji kabisa, ila amejaa mifupa yenye fosforasi na magnesi, madini yale yale yanayojenga chembechembe za kibofuni. Paka wa kilo nne anahitaji maji pungufu kidogo ya robo lita kwa siku, yaliyo katika chakula yakihesabiwa. Wetu hakuwa akipata hata nusu.

Siku hizi dagaa wake wanaoshwa mchanga, wanachemshwa kwa maji mengi bila chumvi wala kitunguu (kitunguu nacho kinamdhuru), na anapewa pamoja na supu yake. Mara nyingine mama humbandulia minofu iliyobaki kwenye mapanki, yale mabaki ya sangara, akihakikisha mfupa haubaki. Maji yamo kwenye mabakuli mapana, moja jikoni na jingine barazani, na hubadilishwa kila siku. Pa kujisaidia ni beseni la mchanga wa mtoni. Nasisitiza wa mtoni, kwa sababu mji huu umezoea kutumia mchanga wa marudio, mabaki ya kuchenjua dhahabu, kwa kila kazi, na marudio yana zebaki. Paka hulamba miguu yake. Beseni tumeliweka mbali na ukuta unaopakana na karasha la kusagia mawe ya dhahabu, kwa kuwa makelele na bughudha pia huwasha kibofu cha paka. Hilo la makelele nililiona mzaha hadi nilipoona anavyotulia.

Daktari alituonya kuwa tatizo hili hupenda kurudi. Hadi sasa halijarudi. Kaka yangu, yule aliyecheka, sasa anamwekea paka wake maji safi ili asinywe ya mwaloni, wanakooshea dhahabu. Na jirani nimemweleza yote mbele ya mama, kibofu, kizibo na dripu, mpaka akauliza kama mbuzi wake dume naye anaweza kuziba. Nikamwambia anaweza sana.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Shinyanga na Geita, paka dume akichuchumaa mara kwa mara, akilia, akijilamba chini na mkojo hautoki, msingoje kesho. Mwiteni afisa mifugo siku hiyo hiyo, na msimpe Panadol. Na bibi mwenye paka huyo, tafadhali, mwacheni alale kwa amani.