Nani Atamzika Yusufu?

Anko Yusufu alifariki Alhamisi jioni, na kufikia saa tano usiku tayari alikuwa na mazishi mawili.

Ya kwanza yalikuwa yanapangwa kwetu Muthangari. Ndugu zake mama walijaa sebuleni, kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, mweka hazina amechaguliwa. Mochari wiki moja, mkutano wa mchango kila jioni, misa, kisha mabasi mawili hadi Githunguri akalale kando ya guka. Ya pili yalikuwa yanapangwa Majengo, Pumwani, kwa mkewe na wanawe: kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Hakuna kamati. Maji, sanda na kaburi, basi.

Mimi ndiye niliyekuwa na namba za pande zote mbili, kwa hivyo nikafanywa mjumbe.

"Kesho?" mama aliuliza. "Wanamzika ndugu yangu kama mtu asiye na watu?"

Nilijaribu kumweleza kwamba kwa Waislamu kuharakisha mazishi ni kumheshimu maiti. Lakini mama amekulia mahali ambapo marehemu anangojwa. Unangoja aliye Eldoret, unangoja aliye Marekani, mnakaa pamoja jioni baada ya jioni mpaka uchungu upungue. Kwake, kuzika kesho ni kumtupa mtu.

Mjomba mkubwa akasema, "Asubuhi tuende korti tuchukue oda ya kusimamisha."

Chumba kilinyamaza. Wote waliomo walikuwa watu wazima wakati wa kesi ya S.M. Otieno, yule wakili aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika hapa karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka kumpeleka Nyalgunga. Alizikwa Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Ile haikuwa kesi ya dini mbili, ila kila mtu pale sebuleni alijua korti inaweza kufanya nini na maiti.

"Mimi siendi korti," mama akasema. "Lakini pia sikubali."

Hapo ndipo tulipolala, kama tulilala.

Anko alibatizwa Joseph katika kanisa la St. Austin's, hapa hapa Muthangari. Guka alichuma kahawa kwenye shamba la mapadre. Misheni hiyo ilianzishwa 1899 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na njia iliyowaleta ilianzia pwani. Shirika lao lilikuwa Zanzibar tangu 1863 na Bagamoyo tangu 1868, chini ya utawala wa sultani Mwislamu. Huko walikuta Kiswahili tayari kina maneno ya kumtajia Mungu, mengi yakiwa ya asili ya Kiarabu, na wakayachukua. Imani, toba, sadaka, malaika, Injili: yote yalipita msikitini kabla ya kufika kwetu. Hata kanisa na msalaba ni maneno yenye asili ya Kiarabu.

Anko alipenda sana jambo hilo. Aliendesha lori kati ya Nairobi na Mombasa miaka mingi, na huko Mombasa ndiko alikotamka shahada, kabla ya kumwoa anti. "Jina langu hata sikulibadilisha," alikuwa akituambia. "Fungua Mwanzo 37, ile Biblia ya Union Version. Wameandika nini?" Wameandika Yusufu. Kurani nayo ina sura nzima ya Yusufu, ya 12, na ndani yake ni kijana yule yule anayetupwa kisimani na ndugu zake.

Lakini Anko hakuwa wa kusema dini zote ni moja. Hilo lilimkera kabisa. Mama alipomwambia, "Si hata nyinyi mnamwamini Yesu?" alijibu, "Isa mwana wa Maryamu tunamwamini. Ni nabii, alizaliwa na bikira. Mwana wa Mungu, hapana. Na msalabani hakufa."

"Bila msalaba mimi nabaki na nini?" mama akauliza.

"Ndiyo maana wewe ni Mkristo na mimi si Mkristo."

Kisha akaomba chai iongezwe sukari. Niliyasikia mazungumzo hayo mara nyingi nikiwa mtoto, na hayakuwahi kuisha kwa ugomvi. Mara moja tu yalifika karibu. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, viongozi wengi wa makanisa walipinga katiba mpya, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama za kadhi. Mama alikuwa upande mwekundu, wa Hapana. Anko alikuja na fulana ya kijani na historia yake: mahakama hizo zilikuwepo pwani kabla ya Mwingereza, zikalindwa katika mkataba wa 1895 na sultani wa Zanzibar, zikaingia tena katika makubaliano ya 1963. "Kadhi hatakuita wewe," alimwambia mama. "Anahusika na ndoa yangu, talaka yangu, urithi wangu. Na mimi nikikubali." Hawakuongea wiki tatu.

Hadithi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya Yusufu mwingine. Alinipeleka Fort Jesus nikiwa darasa la sita ili anisimulie pale pale. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa mtawala wa Mombasa. Baba yake alipouawa mwaka 1614, Wareno walimpeleka Goa, mapadre wa Kiagostino wakamlea, akabatizwa Jerónimo. Mwaka 1626 alirudishwa kuwa mfalme wa Kikristo chini ya Wareno, na wakamdharau. Agosti 1631 aliiteka ngome, akarudi kwenye Uislamu, na akawataka Wakristo wa Mombasa, Wareno kwa Waafrika, wasilimu au wafe. Wengi waliuawa.

"Nani mbaya?" nilimuuliza.

"Alichukuliwa kama mzigo," Anko akasema. "Halafu naye akawafanya wengine mzigo. Mimi nilitembea mwenyewe mpaka msikitini. Hakuna aliyenibeba."

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilimrudia mama jikoni nikamkumbusha maneno hayo. Sikuongeza kitu. Alikuwa akikoroga chai ambayo hakuwa ameitia chochote. Baadaye akasema, "Waulize kama naweza kumuona."

Nilimpigia binamu yangu. Alinyamaza, nikasikia akiongea na watu, kisha akarudi. "Mwambie shangazi aje. Tutasogeza mpaka baada ya Alasiri. Bila yeye hatufuniki uso."

Kwao, kungoja ilikuwa gharama. Kwa mama, kwenda ilikuwa gharama. Mjomba mkubwa alikataa kupanda gari, na mpaka leo hajaenda Kariokor.

Tulifika Majengo saa nane. Anko alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, vipande vitatu vyeupe, kama maskini na kama tajiri. Mama alitua mkono kwenye paji la uso wake na midomo ikasogea. Najua alichosema, kwa sababu kidole gumba kilichora msalaba mdogo. Anti alikiona. Alitazama chini, hakusema neno. Yeye alikuwa anaanza eda, miezi minne na siku kumi, na walikaa pamoja na mama chumbani tulipomtoa Anko.

Msikitini nilisimama nyuma. Swala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu; wanasimama tu, takbira nne, imeisha. Nilikuwa nimezoea misa ya saa mbili, hotuba na nyimbo, na ufupi ule uliniumiza. Ila wakati wa kubeba jeneza hakuna aliyeniuliza dini. Watu walipokezana bega kwa bega, na zamu yangu ikafika. Kariokor walimlaza kwenye mwanandani, kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini kuelekea Makka. Nilitupa mchanga mara tatu kama wengine.

Mabasi ya Githunguri hayakwenda popote, na pesa zilizochangwa zilirudishwa, isipokuwa za mama. Zake alizipeleka ofisi ya parokia kuombea misa ya nia. Kanisa linaruhusu kumwombea marehemu yeyote. Kule Majengo walikuwa wanamsomea hitima.

Ilibidi aandike jina kwenye bahasha. Alishika kalamu kwa muda, nami sikumsaidia. Miaka arobaini alikuwa amemwita Joseph, hata mbele ya wanawe.

Jumapili padre alisoma nia za misa. Ya tatu ilikuwa ya marehemu Yusufu, inayotolewa na dada yake.